Swali la Kumi na Tisa

Jedwali lilikuwa zuri mno, na hilo ndilo lililomnyima raha Asilimia. Wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa mgao wa chakula pale kliniki walikuwa mia mbili na kumi na wawili, na waliofariki ni thelathini na mmoja. Wasiopewa mgao walikuwa mia mbili na watano, na waliofariki ni thelathini. Alipogawanya, kompyuta ilimrudishia jibu lile lile pande zote mbili: kumi na nne nukta sita kwa mia. Unga, maharage na mafuta ya kula ya miezi minane, magunia kwa magunia, na kifo hakikushtuka hata kidogo.

Asilimia halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alipachikwa pale pale kwenye chumba cha takwimu, kwa sababu hakuweza kusema chai imepoa bila kueleza imepoa kwa kiasi gani. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitatu, mwembamba, mwenye mashati yaliyonyooshwa vizuri hata yalipochakaa kola, na kitu kimoja tu duniani alichojivunia mbele za watu: hajawahi kupika namba.

Daktari aliyeongoza kliniki, mama mfupi aliyetembea kwa kasi kama anayefukuzwa, aliingia akasoma akiwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Basi ndiyo hivyo," alisema. "Ijumaa kikao kinakaa. Wenye fedha wakiliona hili, mgao umekufa."

"Tusubiri kidogo, Daktari."

"Nisubiri nini? Umekosea hesabu?"

"Hesabu ni sahihi."

"Sasa?"

Asilimia alivuta safu ya majibu mpaka swali la kumi na tisa. Swali lenyewe lilikuwa jepesi: Katika nyumba yenu, nani alikula chakula cha mgao? Chini yake kulikuwa na visanduku vinne vya kuchagua: mgonjwa peke yake, mgonjwa na watoto, nyumba nzima, jibu jingine. Nyumba zote mia mbili na kumi na mbili zilijibu mgonjwa peke yake.

"Asilimia mia," alisema. "Daktari, hata ukiwauliza watu mia mbili kama jua huchomoza asubuhi, watatu watakwambia inategemea. Na tazama uzito kwenye kadi zao. Wanasema wamekula gunia zima wenyewe, na mizani haijasogea."

"Ugonjwa wenyewe unakula mtu, unajua hilo. Una maana gani, wamedanganya?"

"Ndiyo."

"Wote?"

"Wengi. Wamekula nyumba nzima, mgonjwa akapata vijiko vichache. Ndiyo maana hatuoni tofauti. Si kwamba chakula hakisaidii. Hakikumfika."

Daktari alivuta kiti akaketi. Yeye mwenyewe alikuwa ameupigania mgao ule miaka miwili, na angefurahi kuusikia uongo wowote wa kuuokoa, na kwa sababu hiyo hiyo alijikaza asiupokee haraka. "Unajuaje?"

"Kuna nyumba moja naifahamu."

"Ya nani?"

Asilimia alitazama kibao cha herufi cha kompyuta. "Ya jirani yangu," alisema.

Masikio yalimchoma. Madodoso hayakuwa na majina, yalikuwa na namba tu, na kati ya watu wote wa kliniki ni yeye peke yake aliyeijua namba mia na kumi na saba ilikuwa ya nani. Mwanamke, miaka sitini na minane, nyumba ya watu wanne, amefariki wiki ya tisa ya matibabu. Yule dada aliyekwenda kuhoji aliongeza kwa mkono wake, kwa roho safi: Familia inaonekana ilimtunza mgonjwa vizuri sana. Mwanamke huyo alikuwa mama yake mzazi.

"Jirani mmoja hasimami mbele ya kikao," Daktari alisema akiinuka. "Leo ni Jumatatu. Rudi kwenye nyumba, uliza upya, niletee majibu ya nyumba ishirini kabla ya Ijumaa. Ukishindwa, napeleka jedwali kama lilivyo."

*

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa mlangoni mwa nyumba yao ya vyumba viwili, mahali penye mwanga, na mbele yake kulikuwa na rundo la sare za shule zilizokatwa na kusubiri kushonwa. Asilimia alifika saa kumi za alasiri akiwa ameshaandaa maneno njia nzima, na yote yakamtoka kwa mkupuo.

"Yule dada wa dodoso alipokuja hapa, ulimwambia mgao alikula nani?"

"Siku hizi salamu zimefutwa?"

"Nijibu, mke wangu."

"Nilimwambia alikula mama."

"Peke yake?"

Mkewe alikata uzi kwa meno. "Ulitaka nimwambie nini? Msiba haujamaliza mwezi. Amekaa pale kwenye kochi na kalamu, na wifi yangu amekaa pembeni, mkono shavuni, anasikiliza kila neno. Nimwambie chakula cha mama mkwe wangu tumekula sisi? Dada yako angenitafuna mbichi."

"Ule ulikuwa utafiti. Haukuwa msiba."

"Kwako ulikuwa utafiti. Kwangu alikuwa mgeni aliyeingia ndani kuniuliza nilimpa nini marehemu. Hakuna mwanamke atakayejibu swali hilo vingine. Nani alipika? Mimi. Nani atasemwa? Mimi. Wewe utasemwa kwamba ulikuwa kazini."

Na hata kazini hakuwapo. Miezi ile mradi wa takwimu ulikuwa umesimama, mkataba wake umeisha, na sare za shule hazishonwi wakati shule zimeshafunguliwa. Kila wiki ya pili Asilimia alikwenda mwenyewe kuchukua mgao wa mama yake. Gunia lilikuwa na maandishi makubwa mekundu, KWA MGONJWA TU, na yeye alilibeba upande wa maandishi ukiwa umegeukia kifuani. Nyumbani sufuria ilikuwa moja.

"Isitoshe mama mwenyewe ndiye aliyetaka," mkewe aliendelea, sauti imeshuka kwa sababu binti yao wa miaka kumi na mitatu alikuwa chumba cha ndani akisoma. "Alisema hawezi kula peke yake mtoto anamtazama mdomoni. Anakula vijiko viwili, anamsogezea mjukuu sahani. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Halafu mwishoni akili ikaanza kumtoka, maskini. Narudi jioni kutoka kupeleka nguo za watu, sahani niliyomfunikia mchana iko tupu, na yeye ananiambia hajala. Nilikuwa namwambia kwa upole, umeshakula, mama. Wewe ndiye uliyeniambia nimjibu hivyo, nisibishane naye. Sasa niambie mimi nimekosa wapi."

Asilimia aliinama kufungua viatu, akakaa ameinama muda mrefu kuliko kamba mbili za viatu zinavyohitaji.

Kwa vile yeye hakukusudia kulisema, acha lisemwe hapa. Wiki ya saba ya matibabu, mchana mmoja, mkewe alikuwa amekwenda kupeleka nguo na binti yuko shule. Asilimia alirudi kutoka kuzunguka maofisi kutafuta kibarua, miguu inauma, tangu jana yake hajatia kitu tumboni zaidi ya chai. Jikoni alikuta sahani ya mama imefunikwa. Alisema atachota kijiko kimoja. Alichota kimoja, kisha kingine, na alipopata akili alikuwa anakwangua sahani. Hapo hapo mama yake akaita kutoka chumba cha ndani: "Mwanangu, chakula bado?" Naye, sahani ikiwa mkononi, akajibu: "Umeshakula, mama. Umesahau tu."

Mama akasema, "Ah. Basi sawa."

Mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi, na huko ndiko aibu yenyewe inakokaa. Mkewe aliporudi, alimwambia mama ameanza kusahau, na mkewe akaamini moja kwa moja, kwa sababu mumewe si mtu wa kupika namba. Hakufanya hivyo kila siku. Alifanya mara sita. Alijua ni sita kwa sababu alizaliwa na ugonjwa wa kuhesabu, na tangu mazishi hakuna siku iliyopita bila hesabu hiyo kumjia, akiwa anapiga mswaki, akiwa anafunga mlango, akiwa anamwitikia mtu salamu.

"Hujakosa," alimwambia mkewe. "Nimeuliza tu."

*

Jumanne alizunguka nyumba tisa na bahasha ya madodoso kwapani. Katika nyumba zote tisa alikaribishwa, akafutiwa kiti, akaulizwa habari za kazi. Kila alipofika swali la kumi na tisa, nyuso zilinyooka kama za watoto mbele ya mwalimu mkuu.

"Mgonjwa peke yake," walisema. "Tungewezaje kula chakula cha mgonjwa?"

"Hata watoto hawakuonja kidogo?"

"Watoto wa hapa wamefundwa, bwana."

Nyumba ya sita ilikuwa ya mlinzi wa shule, aliyefiwa na kaka yake miezi mitatu nyuma. Mlinzi alisikiliza swali hadi mwisho, kisha akamwita mkewe kando na kumnong'oneza. Asilimia alisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, mtu akienda kwa jirani na kurudi. Baada ya muda aliwekewa mbele yake yai moja la kuchemsha kwenye sahani ya udongo yenye maua, na chumvi pembeni.

"Karibu," alisema mlinzi. "Hapa kwetu chakula si tatizo. Andika hilo pia."

Watoto watatu walisimama kizingitini wakimtazama akimenya. Angelikataa angewatukana wenyeji wake. Alikula yai lote, na mdogo kuliko wote alimeza mate kila yeye alipomeza. Kisha akaweka alama kwenye kisanduku cha mgonjwa peke yake, akashukuru, na mlinzi akamsindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote. Njiani alijiona mwizi aliyefungiwa mlango kwa adabu.

*

"Yai zima?" mkewe aliuliza jioni ile. Alitaka kucheka, lakini kicheko kiliishia puani.

"Zima. Nadhani lilikopwa."

"Sasa wewe uliwaambia nini?"

"Niliwauliza maswali."

"Nauliza uliwaambia nini. Habari zako."

"Sikuwaambia kitu. Mhojaji hasemi habari zake."

"Haya sasa." Alitoa mguu kwenye pedali. "Unataka watu wavue nguo mbele yako, na wewe umefunga mpaka kifungo cha shingoni. Mimi mwenyewe ungenijia hivyo ningekukaangia yai."

Asilimia alitoa karatasi ya jedwali akaiweka juu ya sare. Alimwonyesha kwa kidole, taratibu, kama alivyokuwa akimfundisha binti yao hesabu za kugawanya: hawa walipewa, hawa hawakupewa, waliokufa ni sawa kwa sawa. Ijumaa wakubwa wakisoma hivi wataona chakula hakisaidii kitu, na watausitisha mgao.

Mkewe alitazama karatasi kwa muda. Hakuwa amesoma sana, lakini kugawanya kitambaa kisichotosha ilikuwa kazi yake ya kila siku, na alielewa haraka kuliko wajumbe wengi wa kikao. "Na yule msichana wa nyumba ya kona anayekohoa? Si ndiyo ameandikishwa juzi?"

"Naye hatapata."

"Kwa sababu nilimwambia yule dada mama alikula peke yake."

"Si wewe tu. Ni nyumba zote."

"Lakini na mimi nimo."

"Umo."

Alikunja karatasi mara mbili na kumrudishia. Alimfikiria wifi yake, na majirani, na namna wanawake watakavyonyamaza kwenye foleni ya bomba akifika na ndoo. Alikuwa mke mwenye sifa mtaani kwa kumwogesha mama mkwe hadi siku ya mwisho, na sifa ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo isiyohitaji kufungiwa kabatini. "Kesho nakwenda na wewe," alisema. "Nitawaambia tulikula. Aliyepika ni mimi, wataniamini."

Hapo ndipo Asilimia alipopaswa kusema. Mkewe alikuwa amemfungulia mlango, angeingia tu. Badala yake alimwambia ahsante, akaenda kumwangalia binti yao anavyoendelea na masomo.

*

Nyumba ya kwanza ya Jumatano ilikuwa ya mzee mwashi, mstaafu, aliyefiwa na mkewe miezi mitano iliyopita. Aliishi chumba kimoja alichokijenga mwenyewe, kuta zimenyooka kuliko za mtaa mzima, na ndani mlikuwa na kitanda, viti viwili na picha ya mkewe. Aliwapa wageni viti, akaketi kitandani.

"Mmekuja tena na karatasi," alisema. "Mlishaniuliza nikajibu."

"Leo hatujaja kukuuliza, mzee wangu," alisema mke wa Asilimia. "Nimekuja kukueleza ya kwangu kwanza."

Akamweleza. Alisema bila kupamba: mama mkwe aliugua, mgao ukaja, kazi hakuna, sufuria moja, mtoto anakua. Alisema dodoso lilipokuja alitazama uso wa wifi yake akadanganya. Asilimia alikaa na kalamu mkononi akitazama sakafu ya saruji. Alimsikia mkewe akijibebesha mzigo kwa kila neno, na alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi ya mzee mwashi ilikuwa imesakafiwa vizuri.

"Si dhambi, mama," mzee alisema. "Njaa ni njaa. Nyumba haiwezi kumtazama mmoja akila."

"Hilo najiambia kila siku. Kinachonisumbua ni kingine. Mwishoni mama alianza kusahau. Anakula, halafu anasema hajala. Sasa najiuliza kama si njaa ile ndiyo iliyomharibu akili. Kwamba tungempa chake chote, asingefika kusahau. Nalala nayo, naamka nayo."

"Wazee husahau, binti yangu. Hilo usijibebeshe."

"Labda. Lakini mtu kusahau chakula alichokula mchana ule ule..."

"Hakusahau," alisema Asilimia.

Wote wawili walimgeukia.

"Mama hakusahau kitu. Alikuwa hajala. Sahani nilikula mimi." Sauti yake ilitoka ndogo na sawa, kama anayesoma tarakimu. "Ukishatoka kupeleka nguo, nilikuwa nakula. Akiuliza, namwambia ameshakula, amesahau. Kisha nikakwambia wewe kwamba anasahau. Mara sita. Ya kwanza ilikuwa Jumanne."

Mkewe hakupiga kelele wala kulia. Alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Kisha akageuza macho akayaweka kwenye bahasha, akawa anainyoosha pembe iliyokunjika, anainyoosha tena, ingawa ilishanyooka.

Mzee mwashi aliinuka, akaenda kufunga mlango, akarudi kuketi.

"Mke wangu alikuwa akinipa mimi," alisema. "Kila siku. Nilikuwa na kibarua cha ukuta, akasema mtu hapandi ngazi na tumbo tupu. Mimi nikakubali. Nilikuwa nakula namtazama, na anakohoa, na nakula." Alipangusa goti ambalo halikuwa na vumbi. "Andika nyumba nzima. Tulikuwa wawili tu, lakini andika hivyo."

Asilimia aliandika. Walipotoka, mkewe alitangulia hatua tatu mbele na hakupunguza mwendo. Mumewe alidhani anakwenda nyumbani. Lakini kwenye kona alishika njia ya nyumba iliyofuata kwenye orodha, akabisha hodi, akaketi, akasema ya kwake. Alipomaliza alimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Na huyu naye ana la kwake. Atawaambia mwenyewe."

Akawaambia. Akawaambia na nyumba ya tatu, na ya nne. Alitumaini kwamba kadiri anavyorudia aibu itapungua makali, kama inavyokuwa kwa vitu vingine, na haikupungua. Kwa mlinzi wa shule walirudi Alhamisi. Mlinzi alisikiliza, akaomba radhi kwa ajili ya yai, na mke wa mlinzi akaangua kilio mlangoni. Kati ya nyumba ishirini na tatu walizopita siku hizo mbili, kumi na tisa zilibadilisha jibu. Mtu wa hesabu kama yeye angeweza kukwambia hiyo ni themanini na mbili nukta sita kwa mia.

Maneno yalikimbia mtaani kuliko wao. Alhamisi kabla ya jua kuzama dada yake Asilimia alipiga simu. "Nimesikia," alisema. Asilimia alingoja atukanwe, angeshukuru. Dada yake akakata simu, na tangu hapo hakupiga tena.

*

Kikao cha Ijumaa kilichukua saa moja na nusu. Asilimia alionyesha jedwali la kwanza, kisha la nyumba ishirini na tatu, kisha uzito wa wagonjwa katika zile nyumba nne ambazo kweli mgonjwa alikula peke yake. Katika zote nne mizani ilikuwa imepanda. Alieleza kwamba nne ni chache mno za kujengea hoja, lakini zinatosha kuwafanya wasibomoe.

"Hii ya kwanza kwenye orodha," Daktari aliuliza, miwani imeshuka puani. "Mia na kumi na saba. Ndiyo ile ya jirani yako?"

"Hapana, Daktari. Ni ya kwangu. Marehemu ni mama yangu."

Mjumbe mmoja aliyevaa tai aliacha kuandika. Mwingine alijimiminia maji ambayo hakuyanywa. Daktari alitazama karatasi muda mrefu, kisha akasoma lililofuata kwa sauti ya kawaida, na Asilimia alijua ile ilikuwa huruma, na ikamuuma kuliko karipio. Mwishoni waliamua mgao usiondolewe. Kwa miezi sita utaongezwa fungu la familia, ili mgonjwa aachiwe lake, kisha wahesabu upya. Walipokuwa wakitoka, mwenye tai aliwapa wote mkono, na alipofika kwa Asilimia simu yake ikawa na jambo la dharura. Daktari ndiye aliyebaki nyuma. "Umefanya kazi nzuri," alimwambia, na Asilimia akaitikia kwa kichwa, akakusanya karatasi zake.

Nyumbani alimkuta mkewe kwenye cherehani. Tangu Jumatano alikuwa akisema naye maneno ya lazima tu: maji yapo, mtoto anadaiwa daftari, funga dirisha. Hakuhama chumba wala hakutaja habari ya kurudi kwao. Alikuwa akishona.

"Wamekubali," Asilimia alisema. "Mgao unabaki. Na familia zitapewa fungu lao."

"Vizuri."

"Na yule msichana wa kona ataanza kupata wiki ijayo."

"Vizuri," alirudia. Alimaliza mshono, akainua sindano, akazungusha sare upande wa pili. Kisha mikono yake ikatulia.

"Siku moja kabla hatujampeleka hospitali," alisema, hamtazami mumewe, "nilirudi akaniambia hajala. Nikamwambia umeshakula, mama. Umesahau. Unajua alinijibu nini?"

"Sijui."

"Alinishika mkono. Akasema, 'Haya, mwanangu, mimi nimesahau. Na tumbo je, nalo limesahau?'"

Asilimia aliiweka bahasha yake juu ya rundo la sare.

"Nikacheka," mkewe alisema. "Nilidhani ananitania. Nikatoka hapa mlangoni nikawasimulia majirani, nao wakacheka."